Barafu ya hidrojeni ikikusumbua, muulize otho kwanza

Usiku mmoja nilikaa mbele ya skrini nikiangalia mstari wa halijoto ukipanda polepole, ukanyooka, ukakaa palepale karibu saa nzima. Ndivyo inavyotakiwa: fuwele ya hidrojeni inapoyeyuka, joto lote unaloitia linaishia kwenye kuyeyusha, halijoto haisogei. Kilichonitoa jasho ni mahali iliposimama. Nilitarajia kelvini 13.80 (kelvini huhesabiwa kuanzia baridi ya mwisho kabisa), nikapata 13.95. Tofauti ya 0.15 tu, lakini ilinila wiki mbili. Nikabadilisha kipimajoto. Nikabadilisha nyaya zake. Nikapaka upya grisi kati ya kipimajoto na shaba. Bado 13.95. Mwishowe nikaikuta valvu moja ndogo ya njia ya pembeni, niliyoiacha wazi kwa mkono wangu mwenyewe, inapitisha gesi bila kuigusisha kichocheo, zile punje za kuigeuza gesi kabla haijaganda. Kipimajoto kilikuwa kinasema kweli tangu siku ya kwanza.

Naandika kwa yeyote anayekuza fuwele za hidrojeni kwenye kriostati, yaani chombo cha baridi kali, na amekwama. Nimepanga mambo kwa malalamiko, vile yanavyotamkwa maabara saa nane za usiku. Ila kwanza tuelewane kuhusu otho, maana kesi nyingi zinaishia kwake.

Otho ni nani

Molekuli ya hidrojeni ina protoni mbili, na kila moja ina spini yake, kama sumaku ndogo yenye mwelekeo. Spini zikielekea upande mmoja, molekuli hiyo tunaiita otho, zikipingana, para. Sheria za kwanta hazimruhusu otho kutulia: hata umpeleke kwenye baridi gani, ataendelea kuzunguka. Para yeye ananyamaza kabisa. Kwenye joto la chumba, katika kila molekuli 4, 3 ni otho na 1 ni para. Hiyo ndiyo hidrojeni ya kawaida, ile inayotoka kwenye mtungi. (Kama jambo hili linakuchanganya, usione haya. Werner Heisenberg alipopewa Nobel ya fizikia ya mwaka 1932, hati ya tuzo ilitaja kugunduliwa kwa aina hizi mbili za hidrojeni kuwa ni moja ya matunda ya kazi yake.)

Ukiigandisha hidrojeni ya kawaida kwa haraka, otho wananaswa ndani ya barafu wakiwa na nishati yao ya ziada, inayolingana na kelvini 170 hivi kwa kila molekuli. Wamo ndani ya kitu chenye kelvini 4! Wanaanza kugeuka para kidogo kidogo, na kila anayegeuka anaacha joto lake humo humo. Ukijumlisha, hidrojeni ya kawaida ina takribani juli 1,060 kwa moli (gramu 2 hivi) zinazosubiri kutoka kwa njia hiyo, wakati kuchemsha moli nzima ya hidrojeni kimiminika kunahitaji kama juli 900 tu. Ndiyo maana zamani tangi la hidrojeni kimiminika liliweza kujikausha hata likiwa limezibwa joto la nje vizuri.

Tiba ni kuigeuza gesi kabla haijaganda, kwa kuipitisha kwenye kichocheo: punje za oksidi ya chuma, binamu wa kutu, zilizopozwa hadi kelvini 15 hivi. Hapo otho anayebaki ni karibu 0.01%. Kwenye kelvini 20 anabaki kama 0.2%, yaani mara 20 zaidi. Digrii tano tu, lakini tazama.

Usipitilize kwenye kupoza, vilevile. Kichocheo kikishuka chini ya kelvini 13.8 hidrojeni inagandia humo humo, na ukikilisha gesi kwa presha inayozidi milibari 134 kikiwa kwenye 15, inageuka kimiminika ndani yake. Dalili yake ni gesi inayotoka kwa vishindo: kimya, kisha ghafla mfyatuko, kisha kimya tena.

"Kipimajoto changu kinadanganya"

Kabla ya kukitoa, tumia hidrojeni yenyewe kama shahidi. Halijoto ambapo barafu, kimiminika na mvuke wa hidrojeni vinakaa pamoja ni mojawapo ya nguzo za kipimo cha kimataifa cha halijoto cha mwaka 1990: kelvini 13.8033. Maabara nyingi zinalipia pesa nyingi kusawazisha vipimajoto, na huku wana nguzo hiyo ndani ya chombo chao.

Lakini soma masharti. Namba hiyo ni ya hidrojeni iliyokwisha kusawazika kwenye baridi, ambayo karibu yote ni para. Ya kawaida inasimama karibu na 13.95. Kwa hiyo yeyusha fuwele taratibu na utazame mstari unasimama wapi. Ukisimama kwenye 13.80, otho hayupo na kipimajoto kizima. Ukisimama kwenye 13.95, usikiguse kipimajoto, nenda ukaangalie njia ya gesi. Ukisimama katikati, kichocheo kinafanya kazi nusu nusu: aidha unapitisha gesi kwa kasi mno, aidha punje zimelowa. Punje mpya, au zilizokaa wazi hewani, zinahitaji kuokwa chini ya ombwe mpaka maji yaondoke, la sivyo ni mchanga tu. Ukisimama nje kabisa ya eneo hilo, mathalani 14.2, hapo ndipo kesi ya kipimajoto inaanza.

Na kama mstari haukunyooka bali umelala kwa mteremko? Punguza nguvu ya hita kwa nusu, urudie. Mteremko ukipungua, ulikuwa unayeyusha kwa pupa. Ukibaki vilevile, hidrojeni yako ina uchafu.

Kuna kosa lingine dogo la kipimajoto lisilohusiana na otho: mkondo unaotumia kukisoma unakipasha. Punguza mkondo kwa nusu. Kama kelvini 4 ziligeuka 3.9 papo hapo, umempata.

"Fuwele inajipasha yenyewe, na sijui kama ni otho au ni joto la nje"

Hili ni swali ninalolipenda, kwa sababu lina jibu safi. Weka fuwele kwenye halijoto moja, tuseme kelvini 4.5, ukiiachia hita ijirekebishe yenyewe kuishikilia hapo. Usiitazame halijoto, maana hiyo haitasogea. Iandike nguvu ya hita kila baada ya saa moja, kwa siku tatu.

Joto la nje, liwe la mionzi, la waya mnene au la ombwe bovu, halina sababu ya kupungua siku hadi siku. Hita itabaki palepale. Joto la otho linapungua kwa utaratibu unaojulikana, kwa sababu otho anageuka kwa kusumbuliwa na usumaku wa otho mwenzake jirani. Wakipungua, wanaokutana ni wachache, na kasi inashuka kwa kipeo cha pili. Kiwango chake katika hidrojeni iliyoganda ni karibu 1.9% kwa saa. Ukianza na otho 75%, kila moli inatoa miliwati 4 hivi saa ya kwanza. Baada ya saa 70, otho wamebaki nusu na joto limebaki robo. Baada ya mwezi wamebaki kama 7%.

Kwa hiyo ukiwa na moli 3, gramu 6 tu, utaiona hita ikiongeza miliwati 9 ndani ya siku tatu kufidia joto linalopungua. Chora mchoro. Ukipinda kwa namna hiyo, ni otho.

Mara moja nimeona mchoro uliopinda haraka kuliko hesabu. Tulifurahi kwanza, kwamba fuwele inajisafisha. Furaha hiyo haikuwa na msingi: oksijeni ina usumaku mkubwa, na chembe zake zikiingia kwenye barafu zinawageuza otho walio karibu kwa kasi. Mchoro unaopinda kupita kiasi maana yake hewa imeingia. Tukatafuta, tukaikuta kwenye kiungo cha mtungi.

Kwenye kelvini 4 mashine ya kawaida ya baridi haioni miliwati 10 hata kidogo. Ukiwa chini ya kelvini 1 hadithi ni nyingine kabisa, maana huko mashine inahesabu nguvu yake kwa miliwati moja moja au chini ya hapo, na otho anaweza kukufungia mlango usishuke tena. Kuna na hili: barafu yenye otho zaidi ya nusu, ukiishusha hadi kelvini 1 au 2, otho wanajipanga wote kwa mielekeo maalumu na fuwele inabadili muundo wake. Ukisikia imepasuka huko chini bila sababu, na ulianza na gesi ya kawaida, usitafute zaidi.

"Imeganda nyeupe kama povu"

James Dewar, aliyeigandisha hidrojeni mara ya kwanza mwaka 1899 pale Royal Institution, London, naye alipata kwanza kitu kinachofanana na povu lililoganda, kisha baadaye barafu angavu. Uko kwenye ukoo mzuri.

Sababu kuu ni pampu. Ukinyonya mvuke juu ya kimiminika ili kukipoza, kinachemka huku kinaganda, na mapovu yananaswa. Badala yake, ipoze kwa kupoza sakafu ya chombo, kutoka chini kwenda juu, na usikimbie: sehemu chache za elfu moja ya kelvini kwa dakika zinatosha.

Sababu ya pili watu wengi hawaifikirii. Maji yakiganda yanavimba. Hidrojeni ikiganda inasinyaa, karibu 11% au 12% ya ujazo. Nafasi hiyo lazima ijazwe na kimiminika kipya kutoka juu. Bomba la kujazia likiganda kabla ya chombo, chakula kimekatwa, na fuwele inajijazia matundu. Weka hita ndogo kwenye shingo la bomba, ulishike kwenye kelvini 15 au 16 mpaka fuwele ifike juu. Ukiangalia dirishani utaona mstari mwembamba kama utando wa maji ukipanda: chini yake barafu, juu yake kimiminika. Ukiwa bapa na tulivu, endelea. Ukianza kutoa vidole kama mizizi, unapoza kwa kasi. Rudisha joto kidogo uyeyushe hivyo vidole, kisha uanze tena.

Nani wa kulaumiwa kwa weupe: tundu au mipaka ya punje za fuwele? Karibu kila mara tundu. Hidrojeni iliyoganda inaupinda mwanga kidogo mno, kipeo chake ni kama 1.14, na punje mbili zilizoshikana vizuri, mpaka wake hauonekani. Anayeonekana ni mahali penye utupu.

Njia nyingine ni kuruka kimiminika kabisa: unapuliza gesi ya para kwenye dirisha lenye kelvini 2 hadi 3, ndani ya ombwe, kwa kasi kubwa. Mario Fajardo na Simon Tam walionyesha mwaka 1998 kwamba barafu ya namna hiyo inatoka angavu hata ikiwa na unene wa milimita kadhaa. Kwa njia hii otho ni adui mkubwa zaidi, kwa sababu anazuia joto kupita ndani ya barafu. Para safi inapitisha joto vizuri ajabu, yenye otho wengi inapitisha vibaya. Uso wa juu unabaki na joto, molekuli zinaondoka tena, na unene hauongezeki kama ulivyopanga.

"Ilikuwa angavu, nikaipoza, imepasuka"

Shaba inapofika kelvini 14 imekwisha kusinyaa, haina la kuongeza. Hidrojeni bado inasinyaa. Imeshikamana na ukuta usiotaka kwenda nayo, na kitu kimoja lazima kiachie. Nyufa hizi zinakuja hasa kwenye nyuzi za mwanzo baada ya kuganda. Poza kwa saa nyingi. Mimi huiacha usiku kucha. Karibu na kuyeyuka barafu hii ni laini na inajiponya, hivyo ndani ya chombo kilichofungwa unaweza kuirudisha kwenye kelvini 11 au 12 ukaiacha itulie.

Usijaribu hivyo kwa barafu iliyopulizwa kwenye ombwe wazi! Kwenye kelvini 4.2 mvuke wake una presha ya nusu ya sehemu moja ya milioni ya milibari, kitu kidogo. Kwenye kelvini 10 ni zaidi ya milibari 2. Itakwisha mbele ya macho yako na pampu itapiga kelele. Kwa hiyo barafu ya ombwe hutulizwa kwenye kelvini 4.5 hivi, basi.

"Nyufa sina, ila uso umeota ukungu"

Barafu inahama. Upande wenye joto kidogo unatoa mvuke, upande wa baridi unaupokea, na unarudi kuganda kama chembechembe badala ya kioo. Tafuta tofauti ya halijoto kati ya dirisha na sakafu. Hii si kasoro ya maabara ndogo peke yake. Kwenye Paul Scherrer Institute, Uswisi, wana kama lita 30 za deuteri (hidrojeni nzito) iliyoganda kwenye kelvini 5, kwa ajili ya kutengeneza nyutroni za mwendo wa mita chache kwa sekunde. Kila pigo la protoni linaipasha barafu kidogo, uso unatoa mvuke na kuurudisha kama ukungu, na nyutroni zinazotoka zinapungua. Wanachofanya ni kuupasha uso kwa makusudi, mara kwa mara, ili ujilainishe, kisha nyutroni zinarudi. Unaweza kufanya vivyo hivyo kwa hita ya dirisha.

"Bomba limeziba"

Hapa punguza mzaha. Kikombe kimoja cha kahawa, kile kidogo cha barazani, kikijaa barafu ya hidrojeni kinatoa zaidi ya lita 60 za gesi kikirudi kwenye joto la chumba. Ikiwa bomba limeziba na chombo hakina valvu ya usalama upande wake mwenyewe, una bomu. Na gesi hiyo ikitoka nje inawaka ikiwa kati ya 4% na 75% ya hewa, kwa cheche ambayo hata huihisi.

Zima mashine ya baridi, fungua njia ya kutolea gesi, na anza kupasha kutoka mdomo wa bomba ukishuka kuelekea chombo. Kamwe usianze na chombo. Wakati inapanda, andika halijoto ambayo kizibo kinaachia, maana hiyo ndiyo inayokutajia jina lake. Kikiachia karibu na kelvini 14 ni hidrojeni yenyewe, shingo lilipoa kabla ya wakati. Kikikaa mpaka 54 au 63 ni hewa: oksijeni inayeyuka kwenye 54, nitrojeni kwenye 63. Kikikaa mpaka karibu na joto la chumba, ni maji, na mtu hakuoka bomba.

Kizibo cha hewa ndicho cha kuogopa, kwa sababu oksijeni iliyoganda pamoja na hidrojeni ni mlipuko unaosubiri mshtuko. Usigonge bomba. Najua kila fundi ana tabia ya kugonga.

"Spektra ina mistari isiyotakiwa"

Spektra ni mchoro wa mwanga uliomezwa au kutawanywa na barafu. Mstari wa karibu mawimbi 4,153 kwa sentimita, kwenye infraredi, hautakiwi kuwepo katika para safi. Jirani otho ndiye anayeuwasha. Ukubwa wake ni kipimo chako cha otho bila kufungua chochote. Kwa mwanga wa leza uliotawanywa, tazama karibu na 354: mistari mitatu ni muundo wa kawaida wa barafu hii, miwili ni ule mwingine, na barafu iliyopulizwa haraka mara nyingi inakuja na mchanganyiko mpaka uitulize.

Kama unatumia deuteri

Majina yanageuka, na hapo wengi wanajikwaa. Katika deuteri anayezunguka kwenye baridi anaitwa para, na anayetulia ni otho. Kwenye joto la chumba wazungukaji ni theluthi moja. Inaganda kwenye kelvini 18.7, kwa hiyo kichocheo nacho lazima kiwe juu ya hapo, na huwezi kuisafisha kwa kiwango kilekile cha hidrojeni. Ile mbinu ya kuiacha barafu ijigeuze yenyewe kwa siku tatu, sahau: usumaku wa viini vya deuteri ni mdogo, kasi yake ni kama 0.06% kwa saa, na ukianza na theluthi hiyo, wazungukaji kupungua nusu kutakuchukua karibu miezi saba.